Nihamie Marseille na binti wa miaka 14, au nimwache kwa nyanyake?

Mama Nasra, Kibokoni

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Najua humu mna watu wanaoishi Ufaransa, basi naomba mnisikize, kwa sababu muda wa kuamua umebaki mfupi.

Mimi ni mtu wa makaratasi ya meli. Kutoa mizigo bandarini ndiyo kazi niliyoifanya ujana wangu wote hapa Mombasa. Mwaka huu nimepata kazi katika ofisi ya kampuni ya meli Marseille. Mkataba ni wa miaka mitatu, nshautia saini, na naanza Septemba. Viza yangu ni ile waiitayo Talent, na nimeambiwa mtoto aingia kupitia kwangu. Kwa upande wa kazi sina hofu, hati za shehena ni zile zile popote meli inapotia nanga.

Hofu yangu ni Nasra. Ametimiza miaka 14 mwezi wa Machi, yuko Gredi ya 9, na mwisho wa mwaka ana mtihani wa KJSEA ndipo aingie Gredi ya 10. Hisabati anaiweza sana, Kiingereza chake kizuri, Kiarabu cha madrasa anasoma na kuandika. Kifaransa hajui ila kusalimia. Mimi na babake tuliachana zamani, yeye yuko Malindi, twasikizana, na amekubali kwa mdomo mtoto aende.

Sasa mamangu ataka Nasra abaki kwake. Asema, "Wewe nenda ukatulie, mtoto amalize mtihani wake, umchukue mambo yakishakaa sawa." Na maneno yake yana uzito kwangu, kwa sababu nyumba ile ndiyo iliyomlea Nasra mimi nikiwa bandarini mpaka usiku. Shangazi zangu wote wako upande wake.

Juzi Nasra alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, mimi nikipepeta mchele. Hakuinua macho. Akaniuliza, "Mama, shule ya kule nitavua mtandio?" Nikamwambia nitauliza. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikawa kitupu, hakina tena cha kukunwa.

Basi nawauliza kwa niaba yake na yangu. Hilo la mtandio likoje kwa kweli? Na je, mtoto asiyejua lugha hupokewa shuleni, au hukaa nyumbani kwanza? Nimpeleke Agosti aukose mtihani, tungoje Januari, au nimwache mwaka mzima?

BintiKuze, Marseille

Wa aleikum salaam dada yangu. Mimi wa Kuze, jirani yako kabisa, na nimeishi Marseille miaka mingi. Wanangu wawili walikuja wakubwa, mmoja akiwa na 13 na kakake akiwa na 15, kwa hivyo hili nalijua kwa pande zote mbili.

Naanza na swali la Nasra, kwa sababu watu wengi hulizungukazunguka. Ndiyo, atavua. Shule ya serikali hapa, kuanzia ya watoto wadogo hadi mwisho wa lise, yaani sekondari ya juu, hairuhusu hijabu. Ni sheria ya tarehe 15 Machi 2004, na kwa maandishi yake yagusa dini zote, kwamba hata kofia ya Kiyahudi na msalaba mkubwa haviingii. Septemba 2023 shule zilipofunguliwa, abaya nayo ikapigwa marufuku pamoja na kanzu za wavulana. Kesi ikapelekwa mpaka Conseil d'État, mahakama yao ya juu ya mambo ya serikali, na marufuku ikabaki. Kwa hivyo usimwambie "tutaona tukifika". Hakuna cha kuona.

Lakini mwambie na upande wa pili. Barabarani, sokoni, kwenye basi, avae mtandio wake atakavyo. Kinachokatazwa nje ni kufunika uso, tangu 2011. Chuo kikuu pia wasichana wavaa, sheria ile haiwahusu. Wanafunzi wa kolezhi, yaani sekondari ya chini, wafika langoni, wavua, watia begini, na jioni wakitoka wavaa tena. Binti yangu amefanya hivyo miaka yake yote ya shule. Wiki za mwanzo alikuwa akipita ua wa shule kando kando ya ukuta, bega lakaribia kugusa mawe, na mimi nikisimama ng'ambo ya barabara nikimwangalia. Liliniuma, na yeye lilimuuma zaidi. Kisha ikawa Jumapili usiku ataka nimsuke. Alisema kama nywele lazima zionekane, basi zionekane alivyopanga yeye. Msuko wa twende kilioni, uliobanwa sawasawa. Hilo lilimpa nguvu kuliko nasaha zangu zote. Dini yake hakuiacha, Ramadhani afunga, na sikukuu ya Idd shule hukubali asiende mradi uandike barua mapema.

Shule binafsi zina kanuni zake wenyewe, na Marseille zipo hata za Kikatoliki zenye wanafunzi wengi Waislamu. Ila uliza kila moja, na ujue mara nyingi hazina darasa maalumu la wageni wa lugha. Kwa Nasra darasa hilo ndilo muhimu zaidi mwaka wa kwanza.

Sasa tarehe. Njoo naye Agosti. Nasema hivi kwa sababu nimeona tofauti ndani ya nyumba yangu.

Hapa mtoto hupangiwa darasa kwa mwaka aliozaliwa. Anayetimiza 14 ndani ya mwaka huo, Septemba huingia darasa waliitalo *troisième*, la mwisho la kolezhi. Mwaka ule ndio wa kuamuliwa. Kufikia Juni shule huamua mtoto aende lise ya kawaida na ya kiufundi, au ya kazi za mikono. Lise ya kazi si aibu, kakake huyu binti alipelekwa huko, leo ni fundi umeme na anajitegemea. Lakini hakuichagua. Alikuja Januari, mwaka uko katikati, Kifaransa bado chamkwama kooni, na walimu wakatazama alama wakasema lise ya kawaida itamshinda. Kijana aliyekuwa wa kwanza kwa hisabati Mombasa! Mdogo wake alikuja mwanzo wa mwaka wa shule, na akiwa na umri mdogo zaidi, akapata muda. Nasra akianza Septemba ana miezi kumi mbele yake. Akija Januari, karibu nusu imeshakwenda. Ukimwacha mwaka mzima, atatua moja kwa moja lise, ambako darasa za kusaidia lugha ni chache na masomo hayamngoji mtu.

Na ikifika Juni Kifaransa bado hakijakaa, omba kwa maandishi arudie *troisième*. Wakikataa, au wakimpangia njia usiyoitaka, kuna kamati ya rufaa. Wazazi wageni wengi hawaijui, wapewa karatasi watia saini. Wewe ni mtu wa makaratasi, soma kila mstari kabla ya kalamu.

Kuhusu kupokewa, usiwe na shaka. Elimu ni lazima mpaka miaka 16, na hakuna shule inayoweza kumkataa kwa sababu ya lugha. Ukifika, tafuta ofisi iitwayo CASNAV ya Aix-Marseille. Watampima Kifaransa, hisabati, na alikofika katika lugha aliyosomea, kwa hivyo Kiingereza chake kitamsaidia. Kisha humpeleka kwenye kolezhi yenye darasa la UPE2A. Hapo atasoma Kifaransa si chini ya saa 12 kwa wiki, na saa zilizobaki ataingia na wenzake wa rika lake: hisabati, michezo, Kiingereza. Kwa Kiingereza atakuwa juu yao, na hiyo saa moja ya kujua jibu kabla ya wengine itamtuliza roho. Si kila kolezhi ina UPE2A, basi kabla ya kukubali nyumba waambie kampuni wakutafutie mtaa usio mbali na shule yenye darasa hilo. Na hati ya makazi utaulizwa kila mahali. Mkipangiwa chumba cha muda, mwenyeji awaandikie barua kwamba mwaishi kwake.

Chakula msisumbuke. Nenda Noailles, soko liko katikati ya mji, muhogo upo, ndizi mbichi zipo, nazi, iliki, samli. Wangazija wamejaa mji huu, ni moja ya jumuiya zao kubwa kabisa nje ya Komoro, na ukisema Kiswahili wewe na mama mmoja wa Kingazija mwaelewana nusu ya njia, nusu nyingine mwacheka. Kantini ya shule haipiki halali, lakini asiyekula nyama hupata kitu kingine. Baridi yenyewe si ya kutisha, ila jihadharini na mistral, upepo mkavu wa kaskazini wavuma na jua likiwaka. Koti zito mnunue huku.

Baba Said, Changamwe

Dada BintiKuze amesema vizuri, lakini ruhusa nipinge kidogo. Mama Nasra, mkataba wako ni wa miaka mitatu. Ukiisha na usiongezwe, Nasra atakuwa na 17, yuko katikati ya lise. Akirudi Kenya aingie wapi? Hana KJSEA, hana Gredi ya 10, hana njia aliyochagua ya sekondari ya juu. Mimi nilifanya kazi Lyon, nilirudi na wanangu, na kumtafutia shule aliyekuwa mkubwa lilikuwa jambo la miezi. Kila mwalimu mkuu ataka karatasi ya Kenya.

Ushauri wangu: afanye mtihani Novemba akiwa kwa nyanyake, mwisho wa Desemba umchukue. Cheti kimoja cha nyumbani mkononi si kitu cha kudharau. Na hiyo miezi minne utatafuta nyumba vizuri, ujue mabasi, ujue daktari, mtoto afike pametengenezwa.

BintiKuze, Marseille

Ndugu yangu Baba Said, nakuelewa, na kurudi katikati ni shida kweli. Ila tuangalie bei ya hicho cheti. KJSEA humpanga mtoto shule ya Gredi ya 10 Kenya, na hapa hakuna atakayekitazama. Bei yake ni miezi minne ya UPE2A katika mwaka wa kuamuliwa. Mimi siilipi.

Na mlango wa kurudi haujafungwa hivyo. Nairobi iko shule ya Kifaransa, Lycée Denis Diderot, mtoto aliyeanza lise hapa aweza kuendelea pale mpaka bakaloria, mtihani wa kumaliza lise. Karo yake si ya mchezo, najua, kwa hivyo Mama Nasra, ikiwa bado mwazungumza na kampuni, uliza kama wana msaada wa karo mkihamishwa tena. Swali hilo huulizwa sasa.

MjukuuWaLikoni

Samahanini wakubwa, naomba niseme kama mtoto, kwa sababu mimi ndiye niliyehamishwa. Nilitoka Likoni kuja Ufaransa na mamangu nikiwa na miaka 15, sasa niko chuo kikuu Toulouse.

Mama Nasra, miezi ya mwanzo mtoto wako atanyamaza. Si kwamba amekasirika na wewe. Mimi nyumbani Likoni nilikuwa msemaji, darasa zima wanicheka nikisimulia kivuko kilivyojaa. Hapa nikawa mtu asiye na utani, kwa sababu utani ndio wa mwisho kuja katika lugha mpya. Unajua jibu, unalo kichwani kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ukilitafuta kwa Kifaransa mwalimu ameshapita. Ukirudi nyumbani mama akuuliza "shule vipi?" wasema "sawa", waingia chumbani. Usimfuate na maswali. Mamangu alikuwa akiniweka jikoni nimenye viazi, yeye hasemi kitu, na mimi mwenyewe baada ya muda naanza kueleza.

Darasa la UPE2A ndilo lililoniokoa. Tulikuwa na Msiria, Waukraine, msichana wa Cape Verde, kijana wa Afghanistan. Hakuna aliyemcheka mwenzake, sote tulikuwa tunakosea. Darasani kwingine nilikaa na kijana mmoja wa Kifaransa kwa sababu ya hisabati tu, mimi namwonyesha, yeye anisahihisha matamshi. Basi mtafutie Nasra kitu kinachofanywa bila maneno mengi: mpira wa wavu, kuogelea, kuchora, chochote. Jumatano mchana shule nyingi hazina masomo, na vilabu vya mtaa huwapokea watoto wakati huo kwa ada ndogo.

Mambo mengine ambayo hakuna aliyeniambia. Alama ni juu ya 20, na walimu hapa hawagawi. Akileta 13 mpongeze, usimuulize saba zimekwenda wapi. Alama, kazi za nyumbani na kuchelewa kwake utaviona kwenye programu iitwayo Pronote, shule nyingi waitumia. Simu haitumiki ndani ya kolezhi, ni sheria tangu 2018, kwa hivyo asitegemee kumtumia nyanyake ujumbe wakati wa mapumziko. Pia kwenye *troisième* kuna wiki moja ya kukaa mahali pa kazi kuangalia watu wanavyofanya. Mpeleke ofisini kwenu akaone meli, mimi nilipelekwa duka la mikate na nikajifunza Kifaransa kingi siku zile kuliko mwezi mzima darasani.

Na la mwisho, mumwachie naye neno. Mimi niliambiwa safari tiketi ikiwa imeshalipwa. Nampenda mamangu, lakini hilo bado nalikumbuka.

Mama Nasra, Kibokoni

Wallahi mmenisaidia. Nimesoma majibu haya mara ya kwanza peke yangu, kisha nikamwita Nasra tukayasoma pamoja, na baadaye nikamsomea mamangu.

Lile la mtandio nimemwambia lote, langoni na nje ya lango. Alilia. Hakusema hataki kwenda. Alisema ataka kuzungumza na binti yako, BintiKuze, ikiwa mwenyewe ataridhia, kwa simu, bila mimi kuwepo. Namba nitakuomba faraghani.

Mamangu amekasirika na sheria ile kuliko Nasra, akasema mtoto atarudi amekuwa mwingine. Nikamjibu kwamba akikaa miaka mitatu mbali na mimi pia atakuwa mwingine, na hiyo sheria itakuwa bado ipo. Hakunijibu, lakini asubuhi aliniuliza baridi ya huko inataka leso ngapi, kwa hivyo naona amelegea.

Baba Said, nimelipima neno lako usiku mzima na si dogo. Lakini nimeona mwaka wenyewe ndio unaonihukumu. Tutaondoka pamoja Agosti. Kampuni nimewaandikia kuhusu karo, nangoja.

Kilichobaki ni babake. Hivi kukubali kwa mdomo kwatosha? Na vyeti vya Nasra nivifanyeje?

BintiKuze, Marseille

Binti yangu ameridhia, amefurahi hata. Nicheki faraghani.

Kwa mdomo haitoshi kabisa, na hili lifanye wiki hii. Babake aende kwa wakili Malindi aape kwa maandishi kwamba akubali Nasra aishi Ufaransa nawe, aambatishe nakala ya kitambulisho chake. Ikiwa mlipoachana kuna hukumu inayosema mtoto akae na nani, chukua nakala yenye muhuri. Cheti cha kuzaliwa na hizo hati zitafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa, si rafiki anayejua Kifaransa. Fomu ya viza ya muda mrefu huanzia kwenye tovuti ya France-Visas, ada ni yuro 99, halafu ni safari ya Nairobi, nyote wawili. Pata miadi mapema, karibu na Agosti kila mtu ataka kusafiri. Ukishafika, viza yako uithibitishe mtandaoni kabla miezi mitatu haijapita ikiwa ni ya aina hiyo. Nasra hahitaji kadi ya ukaazi mpaka afike 18, ila umwombee hati ya kusafiria ya watoto wageni, DCEM, ili mkija Mombasa likizo ya Julai aweze kurudi bila kuomba viza upya.

Ripoti zake za shule za miaka miwili mitatu, chukua za asili. Na kitabu chake cha chanjo, kile cha kliniki, kitafute. Shule itataka kuona pepopunda, dondakoo na polio. Kikiwa kimepotea nenda hospitali alikochanjwa wakuandikie upya, huku wasipoona karatasi watamdunga tena.

Mwandikishe Alliance Française, wanaofundisha Kifaransa hapo Mombasa, sasa hivi, hata kwa miezi hii michache. Wewe pia uende naye. Mikutano ya wazazi ni kwa Kifaransa, na hutaki Nasra ndiye awe mkalimani wa mambo yanayomhusu mwenyewe.

Mama Nasra, Kibokoni

Nimempigia babake, aenda kwa wakili Jumatatu. Kitabu cha chanjo kiko kwa mamangu, alikiweka ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya madrasa. Alliance tutapita kesho nikitoka kazini.